Simtaji Mtu

Mtaani walimwita Ustadhi Makochi, na yeye aliitika bila kinyongo, maana jina lilikuwa halali yake. Mchana alikuwa fundi wa makochi, jioni alikuwa ustadhi wa msikiti, na kazi zote mbili alizifanya amekaa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye mlango wa bati. Ukiingia unapokewa na makochi yaliyovuliwa nguo, yamebaki mbao na springi, sponji zimerundikwa mpaka darini, na yeye katikati, kofia kichwani, misumari midogo kaibana mdomoni upande wa shavu, anaichomoa mmoja mmoja na kuigonga. Mteja akimwuliza jambo wakati huo hujibiwa "mh" au "mh-mh", na ole wake asiyejua kuzitofautisha.

Alikuwa mtu mwema. Nasema mapema, maana mbele ya safari mtamkasirikia, na mimi mwenyewe nimemkasirikia mpaka nimechoka.

Baba yake alikuwa mshona kanzu, akampeleka madrasa akiwa bado mdogo kabisa, na mtoto akashika. Wenzake aliosoma nao walipata nafasi za kwenda ng'ambo, wakarudi na vyeti na vilemba. Yeye baba yake alianguka akapooza, akabaki nyumbani kumgeuza kitandani na kujifunza nyundo. Hakulalamika, ila kijiba kilimkaa rohoni. Akipita mwenzake mmoja wa wale wenye vilemba, fundi aligonga msumari kwa nguvu kuliko msumari ulivyostahili.

Msikiti wa mtaa ulikuwa na shehe msomi kweli kweli, ila akifungua kitabu tu watu wanasinzia. Siku shehe alipougua, mwenyekiti wa msikiti alimsukuma fundi mbele: "Kaa hapo, sema chochote, watu wasiondoke." Fundi akakaa. Akatoa mfano wa mtu anayenunua kitambaa cha bei mbaya kufunika kochi ambalo mbao zake zimeliwa na mchwa, akaufananisha na moyo wa mnafiki, akaigiza mgeni alivyokaa na kuzama mpaka magoti yakagusa kidevu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakanyamaza, kisha wengine wakajifuta macho. Tangu hapo akapewa darsa jioni mbili kila wiki, baada ya swala ya magharibi, na spika za juu ya paa zikafunguliwa. Spika zile hazikuwa na mchezo. Ukiwa jikoni unamsikia, ukiwa bafuni unamsikia, ukijifunika mto kichwani unamsikia.

Sasa, mwenye kutoa darsa kila wiki anahitaji mifano, na makochi nayo yana kikomo. Ustadhi akajifunza ujanja ambao wahubiri wengi wanao na hakuna anayeusema: akawa anasikiliza mawaidha ya wahubiri wa mbali kwenye simu, kisikilizio sikioni, huku anagonga misumari. Mfano ukimpendeza anauchukua, anauvua nguo, anauvalisha nyingine, na jioni anautoa kama wake. Msiite wizi. Huyo wa mbali naye kautoa kwa mwingine, na huyo mwingine Mungu ndiye anayejua. Kosa lake halikuwa hilo. Kosa lake lilikuwa kutia chumvi.

Jioni yenyewe mvua ilikuwa imenyesha, watu wamechoka, mikeka inanuka unyevu. Mada ilikuwa haya na staha. Mstari wa mbele kabisa wazee wawili walikuwa wameegemea nguzo, vinywa wazi, wanakoroma kwa kupokezana. Ustadhi aliona darsa linamfia mikononi. Akachomoa mfano aliousikia kwenye simu asubuhi ile: mwanamke wa mji fulani, anatoka usiku, anarudi alfajiri, gari linamshusha wakati wanaume wanakwenda kuswali. Wazee wanakoroma vile vile. Hapo shetani akamkalia ulimini.

"Mnadhani nawapa habari za mbali?" akanguruma. "Hapa hapa! Mtaani kwetu hapa! Gari linamshusha pale kona, viatu kavishika mkononi, ananyata kuingia ndani, na nyinyi mnapita mnajifanya hamwoni! Simtaji mtu. Simtaji! Lakini mwenyewe anajijua!"

Loo! Wazee waliamka wote wawili. Msikiti mzima ukaitikia takbira, vijana wa nyuma wakasogea mbele, na upande wa wanawake, nyuma ya pazia, zikasikika "astaghfirullahi" zenye utamu ndani yake. Ustadhi alirudi nyumbani mwepesi, akala akashiba, akalala kama mtoto.

Asubuhi akiwa anavua kitambaa cha kochi la watu watatu, akaingia mama mmoja mwenye viti vyake pale karakana. Hakuuliza habari za viti. Alisimama mlangoni, akamtazama kwa jicho la pembeni, akatabasamu.

"Ustadhi, jana umetukata kiu. Umesema lililokuwa linatukaa hapa kooni."

"Mh," akajibu Ustadhi, misumari mdomoni.

"Na mwenyewe alikuwepo nyumbani, amesikia kila neno. Nesi alikuwa hajatoka kwenda kazini."

Ustadhi akatema misumari yote kiganjani. "Nesi gani?"

"Ah, Ustadhi nawe!" Mama akacheka, akampungia mkono, akaenda zake.

Mtaa mzima ulikuwa na Nesi mmoja tu. Aliishi kwenye nyumba ndefu ya vyumba iliyo kando ya msikiti, chumba cha mwanzo, yeye na mama yake ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi na habanduki kitandani. Alifanya kazi wodi ya wazazi, zamu za usiku, kwa sababu mchana alimwuguza mama yake na usiku jirani mmoja mzee alilala na mama huyo. Gari la hospitali lilimrudisha alfajiri pamoja na wenzake, likamshusha kona, maana kichochoro kile hata mkokoteni unapita kwa kubembelezwa. Nusu ya watoto wanaocheza mpira mtaani pale, mikono ya kwanza kuwashika duniani ilikuwa ya Nesi. Kitinda mimba wa Ustadhi mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Ustadhi alitoka mbio mpaka barabarani, kofia imekaa upande, akamkamata yule mama mkono wa gauni. "Sikumkusudia Nesi! Wallahi sikumfikiria hata kidogo!"

"Ndiyo, Ustadhi," mama akasema kwa upole mkubwa, "hukumtaja."

Hapo ndipo alipoanza kuuona mtego. Akisema "si Nesi", tayari amemtaja Nesi. Akinyamaza, ni Nesi. Alisimama pale barabarani na bisibisi mkononi, jua linamchoma utosini, asijue arudi ndani au aendelee kukimbizana na wanawake wa watu.

Nyumbani mkewe hakumngoja avue viatu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote.

"Baba watoto, ulikuwa na akili gani jana? Yule mwanamke alinishika mkono mimi nikiwa nakata roho. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemwita. Leo unampandisha kwenye spika?"

"Sikumsema yeye. Ni mfano tu. Nimeusikia kwenye simu."

"Kwenye simu ndiko kulikokuwa na 'hapa hapa mtaani kwetu'?"

Ustadhi akakaa kwenye ngazi.

"Hajati amemwambia ahame," mkewe akasema. "Mwisho wa mwezi huu. Anasema nyumba yake ni ya watu wenye heshima. Na yule mama mgonjwa utambeba wewe? Chumba gani kingine hapa mjini hakina ngazi, kina choo karibu, na jirani wa kumwangalia? Nenda. Nenda karekebishe ulichoharibu."

Akaenda. Hajati, mwenye nyumba, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa ile nyumba ndefu, mahali alipokaa kila siku akihesabu nani kaingia na nani katoka. Alimpokea Ustadhi kwa heshima zote, akaamuru aletewe kiti. Ustadhi akamweleza kila kitu. Hajati alimsikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa mwenye homa.

"Mwanangu, una moyo mzuri mno," akasema. "Ndiyo maana watu wanakupenda."

"Mama, si suala la moyo! Mfano si wangu. Huu hapa, sikiliza mwenyewe." Akatoa simu, akatafuta mawaidha yale ya mhubiri wa mbali, akaiweka karibu na sikio la Hajati, sauti juu. Hajati akasikiliza kwa makini: mwanamke wa mji fulani, gari, alfajiri, wanaume wanakwenda kuswali. Alipomaliza alishika kifua.

"Mtume! Kumbe habari zake zimefika mpaka huko!"

Ungekuwa wewe ungecheka. Ustadhi hakucheka, kwa sababu alikuwa amesikia kitu kingine. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, simu kaibana sikioni. Gari lilikuwemo. Alfajiri ilikuwemo. Viatu mkononi havikuwemo. Mhubiri wa mbali hakusema popote habari za viatu.

Ndipo akakumbuka. Kitambo, akienda kuswali alfajiri, alikutana na Nesi kwenye kichochoro, viatu mkononi, soksi kwenye saruji. Walisalimiana. Akamwuliza kama miguu inamuuma, na Nesi akajibu kwa sauti ya chini kwamba visigino vyake vinagonga sakafu ya korido na wapangaji wamelala. Ustadhi alipita, hakulifikiria tena. Jicho lake lililifikiria. Jicho lililiweka mahali, na ulimi ulipotafuta chumvi ukaenda kulichukua pale pale. Kwa hiyo alikuwa amemsema. Hakumkusudia, lakini ni yeye aliyemsema, na kila kiapo alichoapa tangu asubuhi kilikuwa na tundu.

Alimuaga Hajati bila kujua amesema nini.

Darsa lililofuata alifundisha ubaya wa kusengenya. Alisema mpaka sauti ikakwama: msidhaniane vibaya, msipekue, mnayemla nyama ni ndugu yenu. Watu walisikiliza, wakatazamana. Kesho yake mtaani pakasemwa kwamba Ustadhi kafungwa mdomo. Wengine walisema Nesi ana wakubwa nyuma yake. Wengine, waliojifanya wanajua zaidi, walisema Ustadhi ameonekana akitoka kwenye nyumba ile ile, na hao hawakukosea, maana si ndiko alikokwenda kwa Hajati? Mteja mmoja akaja kuchukua kochi lake halijakwisha, akadai ana haraka.

Basi akaona hakuna njia ila kumkabili Nesi mwenyewe. Hakwenda peke yake, hakuwa mjinga kiasi hicho. Alikwenda na mkewe, saa za alasiri, mlango wazi, pazia limefungwa fundo juu ili kila anayepita aone wamekaa wangapi na wamekaa vipi. Chumba kilikuwa safi, kidogo, kitanda cha mama ukutani, beseni chini yake, sare nyeupe imetundikwa kwenye msumari. Nesi alikuwa anamkata mama yake kucha za miguu. Hakusimama.

"Karibuni. Shoga, kaa kitandani hapo. Ustadhi, kuna kigoda."

Ustadhi alikaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kifuani. Akaomba msamaha. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, yote yakamkimbia, yakabaki "nisamehe, nisamehe, wallahi nisamehe". Mama mgonjwa akageuza shingo.

"Huyu ndiye yule wa kwenye spika?" akauliza. "Sauti yake huku ni ndogo."

"Nyamaza, mama," Nesi akasema. Akaweka mkasi chini. "Ustadhi, wanawake wa bombani wananipisha siku hizi. Nilikuwa napanga foleni kama wengine, sasa nikifika wote wanasogeza ndoo zao. Juzi mjamzito mmoja wa mtaa huu huu ameletwa wodini kwangu, kaniona, akageukia ukuta. Kapigwa na uchungu saa nzima akimngoja nesi mwingine. Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Sasa umejua. Mimi msamaha nitakupa, msamaha hauna kazi. Nataka chumba changu. Mama yangu siwezi kumpandisha ghorofani. Umesema kwenye spika, kanushe kwenye spika ile ile, mbele ya watu wale wale. Usizunguke na mafumbo ya kusengenya. Sema yote."

"Na viatu?" Ustadhi akauliza kwa sauti ndogo kweli.

Nesi alimtazama, na hapo akaelewa viatu vilitoka wapi. Uso wake ulibadilika, akaonekana mzee. "Na viatu," akasema. "Sema yote."

Mwenyekiti wa msikiti alipopata fununu, alikuja karakana, akakaa kwenye kochi lisilo na sponji, akaruka akakaa kwenye jingine. Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa kupenda mambo yaende.

"Ustadhi, nasikia unataka kusimama uwaambie watu ulidanganya."

"Nilidanganya, Mwenyekiti."

"Uliremba. Kuremba si kudanganya. Ukisema leo mfano mmoja si wa kweli, kesho watauliza na ule wa kochi la mchwa, na ule wa mtu wa kaburini. Tutabaki na nini? Watu wamejaa msikitini kwa ajili yako. Choo kipya tunajenga kwa ajili yako! Acha yapoe. Watu wanasahau."

"Mwisho wa mwezi hausahau," akasema Ustadhi. "Yule mama anatolewa nje."

"Atapata chumba pengine. Mji mkubwa huu." Mwenyekiti akapangusa suruali. "Fikiria heshima ya mimbari."

Ustadhi alifikiria heshima ya mimbari. Aliifikiria kweli, usinione namtetea. Alifikiria pia wale wenye vilemba wakimcheka: fundi makochi katafuna mawaidha ya watu, kayatapika vibaya. Mchana kutwa alivunja misumari, akagonga kidole, akashona kitambaa kimegeuka ndani nje. Adhana ya magharibi ilipoita alitamani augue ghafla. Hakuugua.

Siku hiyo msikiti ulijaa mpaka ngazini, maana harufu ya jambo watu huinusa kabla halijaiva. Spika zilifunguliwa. Ustadhi akakaa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema bila utangulizi:

"Jamani, niliwadanganya."

Hata wazee wa nguzoni walikuwa macho.

Akasema yote. Mfano si wangu, nimeuchukua kwa mhubiri wa mbali, jina lake hili, ukitaka kausikilize. Maneno "hapa mtaani kwetu" nimeyaongeza mimi, kwa sababu mlikuwa mmelala na mimi nilitaka muamke. Mtu mnayemdhania ni Nesi, na Nesi anatoka kazini, anazalisha wake zenu. Kumwonea Nesi ni dhulma, na dhulma hiyo imeanza na ulimi wangu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kipaza sauti kikawa kinakwaruza. Alipomaliza alihema kama aliyetua gunia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akahisi kifua kinapata hewa.

Kijana mmoja wa katikati akanyoosha mkono, kwa adabu, kama ilivyo desturi ya darsa. "Ustadhi, mimi nimeyasikiliza hayo mawaidha ya mhubiri wa mbali. Viatu hamna. Viatu ulivitoa wapi?"

Angeweza kusema amebuni. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, jepesi, na huenda lingemwokoa Nesi. Lakini alikuwa ameapa kusema yote, na aliogopa kuziba uongo kwa uongo mwingine palepale alipoketi. Akasita. Kusita kwenyewe kulikuwa kufupi, kiasi cha kumeza mate, lakini msikiti mzima ulikuona.

"Nilimwona navyo," akasema. "Anavua ili asiwaamshe wapangaji."

Watu wakaguna. Halikuwa guno la hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Lilikuwa guno la watu waliokwisha kuelewa. Mmoja wa wale wazee wa nguzoni akasimama taratibu, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Ndugu zangu," akasema, sauti inatetemeka, "mmemwona mtu huyu? Kamwona kwa macho yake. Na bado amekubali kujiita mwongo mbele yetu, amejivunjia heshima yake mwenyewe, ili amsitiri mwenzake. Nani kati yetu angeweza? Hii ndiyo dini!"

"Takbira!" akapiga mtu ukelele.

"Allahu akbar!"

"Simsitiri!" Ustadhi akapaza sauti. "Nisikilizeni! Hana cha kusitiriwa! Hana kosa!"

"Allahu akbar!" Wakazidi. Kadiri alivyokana ndivyo walivyolia. Watu walimjia, wakamshika mikono, wakaibusu, wakamwekea vichwa begani. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wanalia kwa kwikwi. Hajati alisikika akisema kwamba kwa heshima ya Ustadhi yeye hatamtangaza Nesi kwa lolote, Nesi atahama kimya kimya, kila mtu na Mola wake. Na spika zilikuwa wazi muda wote, zinapeleka takbira zile mpaka kwenye chumba cha mwanzo cha ile nyumba ndefu.

Nesi alihama siku chache baadaye, mchana kweupe. Ustadhi na mkewe walikwenda kusaidia. Ustadhi alikuwa ametengeneza kiti cha kumbebea mama, mbao nzuri, sponji nene, kitambaa laini, kazi bora aliyowahi kuifanya, na alimbeba mama juu ya kiti hicho mpaka kwenye mkokoteni, na mkokoteni akaupenyeza yeye mwenyewe kichochoroni. Njia nzima watu walisimama kumpisha. "Mwacheni," walinong'onezana, "mtu wa Mungu yule. Anamsindikiza hata huyo." Chumba kipya kilikuwa mbali, na kilikuwa na ngazi.

Kwenye kona, pale gari la hospitali lilipokuwa likisimama, Ustadhi alianza kusema kwamba atarudi tena msikitini, atawaeleza upya, safari hii atataja hospitali, atamleta dereva atoe ushahidi.

"Ustadhi," Nesi akamkatiza. Hakuwa na hasira, na hasira ingemfaa Ustadhi zaidi. "Nakuomba jambo moja tu. Usinitetee tena."

Akashika mkokoteni upande wa pili, wakaendelea.

Wiki hiyo Ustadhi alimwendea mwenyekiti, akasema ameacha darsa. Mwenyekiti akamkumbatia, akasema unyenyekevu wa namna hiyo hajapata kuuona, na kwamba kamati imeamua kumpa khutba ya Ijumaa vile vile, maana shehe msomi mwenyewe kamwachia. Ustadhi akasema anaumwa koo. Ikaletwa asali chupa kwa chupa. Akafunga karakana siku nzima asionekane. Watu wakasema yuko kwenye ibada, wakakaa nje ya mlango wa bati kwa utulivu wakimngoja. Mkewe alimpelekea chakula kwa dirisha. Hakumsema tena, ila alikuwa ameacha kuja kusikiliza.

Ijumaa ilipofika akaingia msikitini, kwa sababu pa kwenda pengine hapakuwa. Watu walijaa mpaka barabarani, mikeka imetandikwa kwenye lami. Alikuwa ameapa hatatoa mfano wowote maishani mwake, hatagusa mwanadamu. Alichagua somo la watoto wa darasa la kwanza, lisiloweza kumdhuru mtu: aina za maji ya kutawadhia. Akasema bismillahi. Akasema maji ni ya aina nyingi. Kuna maji masafi, akasema, yanayosafisha, na kuna maji yaliyochafuka, yasiyofaa kitu.

Pale mbele mzee akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Mwenzake akatikisa kichwa taratibu, kwa majonzi, akatazama upande wa ile nyumba ndefu. Guno likapita mstari hadi mstari mpaka likatoka nje barabarani. Ustadhi Makochi akafumba mdomo, akawatazama, na wote wakainamisha vichwa kwa adabu, wakimngoja aendelee.